Leso Iliyonukia Kahawa

Mukai aliinusa kahawa iliyokuwa mbele yake, kisha akainama akatia pua kiondoni. Mle ndani mlikuwa na leso. Akainusa leso, akainusa kahawa tena, akafyonya.

"Siyo hii," akasema.

Msichana wa mkahawa alisogea. "Mama, kahawa iko na shida?"

"Haina shida. Ni povu tu. Mimi sikutoka kwetu Mua kuja kunywa povu."

Huo ulikuwa mkahawa wa vioo, ambako vijana wa ofisini hushinda na laptopu zao. Mukai ni mtu wa chai tangu azaliwe, na mikahawa ya Machakos hakuwa akiijua hata mmoja. Lakini leso ile ilikuwa ya Peris, na kila siku ya soko ilirudi nyumbani ikinukia kahawa. Peris huenda kuuza maparachichi. Anayamaliza mapema, anarudi jua limezama, na anarudi akiimba. Anaimba nini? Maparachichi hayamwimbishi mtu.

Wivu ulikuwa umemkaba Mukai, na hakuona haya kuusema, angalau mbele ya kuku wake. Yeye ndiye aliyemwona Peris kwanza, akiimba kwaya kanisani Mitaboni. Yeye ndiye aliyetuma wazee kwao. Msichana alikuja amekonda kama ufito. Mukai akamlisha, akamjengea nyumba yenye madirisha ya kioo, akamnunulia cherehani. Mtoto alipozaliwa akapewa jina la Munyao, marehemu mumewe Mukai, na boma lililokuwa limenyamaza likapata kelele. Leo mtu wa mjini aje kuvuna asichopanda? Vyaelea vimeundwa! Naye Peris akiondoka, ataondoka na mtoto, na boma la Munyao litabaki na kufuli mlangoni. Hilo ndilo lililomtoa nyumbani asubuhi ile.

Akaingia kwenye hoteli iliyo karibu na stendi. Hapo aliletewa maji moto, unga wa kahawa, maziwa tele na sukari ya kutosha harusi. Akaonja.

"Hii ni chai imebadilisha jina," akamwambia mwenye hoteli.

Mwenye hoteli alicheka. "Kwani unatafuta gani, mama?"

"Iko na tangawizi. Na kitu ingine, kama ile ya pilau."

"Hiyo ni iliki. Enda kwa Faki, nyuma ya msikiti."

Kwa Faki hapakuwa na vioo. Birika la shaba lilikaa juu ya makaa, na wateja walikaa kwenye mabenchi, kila mmoja na kikombe kidogo kisicho na mkono. Harufu ilimpokea Mukai kabla hajafika. Hakuwa na haja ya kuitoa leso.

"Shikamoo mama, karibu kahawa," Faki akasema, akammiminia.

Mukai akaonja. Ilikuwa chungu na moto, na tangawizi ikamshika kooni. Ilikuwa nzuri kuliko zote, na hilo lilimuudhi sana.

Ndipo aliposikia kicheko. Kwenye benchi la mwisho alikuwa Peris, na kando yake mwanamume aliyevaa shati lililopigwa pasi. Nyumbani Peris hakuwahi kucheka hivyo, hata siku moja. Mukai akawafuata, kikombe mkononi.

Kicheko kikakatika. Peris akajifunika mdomo kwa kiganja.

Mwanamume akainuka, akampisha benchi kwa adabu. "Karibu, mama. Mimi naitwa Kilonzo, niko na duka hapo juu. Wewe ni Mukai, si ndiyo? Peris ameniambia vile umemtunza kama mtoto wako."

"Amekuambia pia ameolewa?"

"Ameniambia. Hajanificha."

"Kilonzo, wacha," Peris akanong'ona. "Si hapa. Tafadhali."

"Hapana, wacha niseme, mama ajue mimi si mwizi. Sitaki kuiba bibi ya mtu. Nataka kufuata mila. Wazee wangu wako tayari kurudisha mbuzi zote zilitolewa, na ingine juu yake ya kuomba msamaha."

Mukai alimtazama Peris, na Peris alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe.

"Lakini hiyo haiwezi kuwa maneno yetu na wewe, mama," Kilonzo akaendelea, kwa upole. "Sikudharau. Ni maneno ya wanaume. Kila siku nauliza bwana yake yuko wapi, kama ni Mombasa, kama ni Nairobi, na Peris anasema tu ni mtu mkali. Sasa nakuomba, ambia kijana yako akuje tukae chini, mimi na yeye."

Mukai akaketi katikati yao. Akainywa kahawa yote, taratibu, akaweka kikombe chini.

"Mungu hakunipatia kijana," akasema. "Hizo mbuzi nilipeleka mimi, na Peris nilimuoa mimi, vile mila yetu inaruhusu mama mwenye hana kijana. Ongea, bwana yake amefika."