Posa ya Rubani

Nassir alisimama mbele ya kuku wa mama yake, kofia ya urubani kichwani, akawaambia wafunge mikanda.

"Wataruka saa ngapi?" Bi Mwanapili aliuliza huku akikuna nazi.

"Hali ya hewa ikiruhusu, mama."

Mama hakuinua uso. Vita vilipofunga anga za Ghuba, kampuni iliyomwajiri mwanawe ilizilaza ndege zake, na marubani wakaambiwa warudi makwao, wataitwa. Nassir alirudi Mwabungo, na hajaitwa. Sasa chai ikichelewa yeye huwaomba radhi abiria, na akishuka kitandani husema ametua salama, alhamdulillahi.

Bi Mwanapili angecheka, kama si ile posa. Mwaka mzima walikuwa wamemposa Twaiba wa Bodo, na mwaka mzima babake, Mzee Abdulwahab, alijibu kwamba bado anaswali istikhara, Mungu amwonyeshe la kheri. Mshenga wao, Mzee Swabir, alisema kila akitaja neno rubani, mwenzake huguna tu. Leo Mzee Abdulwahab amewaita wenyewe.

"Mama, habari ya kazi tuinyamazie," Nassir alisema walipopanda tuktuk. Alikuwa amevaa sare yote, shati jeupe na mistari ya dhahabu mabegani. "Nani atamwoza binti yake mtu anayeshinda na kuku?"

"Nyamaza wewe. Mimi nimeshatia udhu, usinitie katika uongo."

Nyumba ya Mzee Abdulwahab ilikuwa imeipa bahari mgongo, hata dirisha moja halikutazama maji. Aliwapokea barazani, akayaangalia mabega ya Nassir kama mtu aangaliaye jeneza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huko kwenye vita ndiko njia yako ilikopita?"

"Ndiko, mzee."

"Na safari ikichafuka, abiria hutapika?"

"Wapo wanaotapika."

"Na likitokea la kutokea, mna pa kukimbilia?"

Nassir aliiweka sawa kofia yake. "Kila abiria ana jaketi la kuokolea, mzee. Chini ya kiti."

Mzee aliguna. Nyuma ya pazia kikombe kilianguka, na Bi Mwanapili akajua Twaiba yuko hapo, masikio wazi.

"Lakini kazi yangu, mzee, ni ya uhakika, yaani ukiitazama kwa..."

Bi Mwanapili alimkanyaga mguu. "Sema kweli, babangu. Unaomba mtoto wa watu, huombi kiberiti."

Nassir akavua kofia, akaipakata kama kifaranga.

"Mzee, kazi sina. Vita vimefunga anga. Ndege zote zimelala, na mimi nimelala nazo. Sijui zitaamka lini."

Bi Mwanapili alisoma kimoyomoyo dua aliyoikumbuka upesi, akavuta buibui lake, tayari kuinuka na aibu yake mkononi.

"Ndege?" alisema Mzee Abdulwahab.

"Ndege, mzee."

"Zile za juu?"

"Hizo hizo."

Mzee aliitazama tena ile mistari ya dhahabu, moja moja, kisha akajifuta jasho.

"Swabir aliniambia rubani. Rubani, kwetu sisi Bodo, ni yule anayeongoza meli, na mtu wa bahari mimi simpi binti yangu." Akageukia pazia. "Twaiba, leta halua. Na wewe, mwanangu, oa upesi, kabla hazijaamka."