Mambo, Mzee?

"Programu ya kuchapia barua haipatani na vifurushi vitatu vya programu za zamani," iliandika kompyuta ya marehemu babu. "Viondolewe? Ndiyo (N) au Hapana (H)."

Kidole changu kilisimama juu ya N, herufi iliyofutika nusu kwa kucha za babu.

Kifurushi cha tatu ndicho kilichobeba salamu yake. Babu aliifundisha kompyuta imwamkie "Shikamoo" kila ikiwashwa, naye akiitika "Marahaba" kwa sauti ya mwenye nyumba. Likizo moja, kwa utumishi wangu uliotukuka, niliibadilisha iseme "Mambo, mzee?" Babu alinisaka nyumba nzima, kandambili mkononi. Kesho yake nikamsikia akiijibu taratibu, "Poa." Hakuirudisha ile ya zamani.

"Bado tu, fundi?" Mama aliuliza. Barua yake ya kuomba kazi ilitakiwa ifike kabla ya saa sita.

"Nikiendelea, Mama, salamu ya babu ndiyo basi tena."

Akainama, akasoma. Akabonyeza H mwenyewe, akaizima kompyuta na kuiwasha upya.

"Mambo, mzee?"

"Poa," Mama akaijibu, kisha akaniomba kalamu na karatasi safi.