Mgonjwa wa Philemon

Philemon hakumaliza hata sentensi. Aliposema tu, "Wangu hasimami," Kiprop, daktari wa mifugo, alinyakua mkoba na kumsukuma ndani ya Landrova.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Wakulima wapya wa Lugari walikuwa wakigawiwa mashamba waliyoacha Wazungu, na ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, kwa mkopo wa serikali. Akiugua ng'ombe, daktari alifika kabla chai haijapoa. Daktari wa watu alikuwa mbali, Kakamega, na gari lake lilikuwa bado linasubiriwa.

"Anahara?" Kiprop aliuliza, akipigana na usukani.

"Sana. Macho yameingia ndani."

"Amezaa karibuni?"

"Mwezi uliopita. Lakini maziwa yamekauka."

"Analala wapi?"

"Kwangu, chini sakafuni."

"Kwenye unyevu! Serikali haikukupa umtese, Philemon."

"Huyu si wa mkopo, bwana. Nilimtoa Shianda mwenyewe."

"Hata kama! Na maji?"

"Tunamchoteanga mtoni. Pale chini ya josho."

Kiprop akakanyaga breki. "Dawa yote ya kupe inashukia pale! Kwa nini usichote kwenye mfereji?"

"Barnaba anatufukuzanga."

Landrova ikageuzwa. Barnaba, mlinzi wa mfereji uliotoka kwenye chemchemi ya Mzungu, alikuwa amekaa juu ya bomba lenyewe, rungu mapajani.

"Mfungulie huyu maji," Kiprop aliamuru. "Leo, kesho, kila siku."

"Lakini Bwana Daktari, maji haya ni ya ng'ombe."

"Ndiyo maana nakwambia ufungue!"

Barnaba alimtazama Philemon. Philemon alitazama miguu yake. Bomba likafunguliwa, debe lililokuwa nyuma ya Landrova likajaa maji meupe yasiyo na harufu.

Walipofika, Kiprop alishuka mbio, akavaa buti za mpira, akatoa sindano nene kama msumari.

"Yuko ndani," Philemon alisema kwa sauti ndogo, akitua debe mlangoni.

Kiprop akainama, akaingia. Ilimchukua muda macho yake kuzoea giza.

"Karibu, daktari," alisema mke wa Philemon kutoka kwenye mkeka. "Samahani, siwezi kusimama. Sisi, ng'ombe hatujaletewa bado."

Kisha akakunja mkono wa gauni, akaungoja mchomo.