Kitufe cha Jiendeshe

Jumatatu, tarehe tisa Juni. Asubuhi ilikuwa na manyunyu mepesi, yale yasiyolowesha nguo lakini yanachosha moyo, na mshonaji alikuwa amekwisha kukemewa kwa kumhurumia mtu asiyekuwepo.

"Umesimama kumtibu," mkufunzi alisema, akigonga skrini kwa kalamu. "Mwenzako ameanguka, adui bado amesimama, wewe unagawa dawa. Mtambo ungefanya hivyo?"

"Hapana, mwalimu."

"Ungefanya nini?"

"Ungempiga adui kwanza."

"Basi rudia."

Walikuwa sita chumbani, kila mmoja na meza yake na skrini yake. Madirisha yalibandikwa karatasi nyeusi. Simu zao zilifungiwa kabatini nje, na mlango ulifunguka kwa kadi ya mkufunzi tu. Tangazo la kazi lilikuwa limeomba watu wenye mikono myepesi, wanaoufahamu ule mchezo wa vita uliojaa kila nyumba.

Mshonaji aliufahamu. Mume wake aliucheza tangu anapoamka mpaka usingizi umwangushe. Mchezo ule una kitufe kiitwacho Jiendeshe: mchezaji akichoka anakibonyeza, na mtambo wa kampuni unamchukua mpiganaji wake na kumpigania mpaka mwenyewe arudi. Mume alikibonyeza kila alipoitwa mezani.

"Huyu ndiye mfanyakazi," husema huku akinawa. "Hali, halali, hanung'uniki. Wewe nikikuomba chai unanitazama kama nimekuomba figo."

Mkewe alipomwambia anataka kazi ya nje, alicheka. Alikuwa amemcheka vilevile alipoanza masomo ya jioni ya kompyuta, mwanafunzi aliyemzidi mwalimu wake umri. "Haya, nenda ujaribu mara moja. Wakikukataa, sitaki tena kusikia neno kazi ndani ya nyumba hii."

Kwa hiyo alipiga magoti akamwomba Mungu kitu kimoja tu, mlango. Sasa alikuwa ndani ya mlango huo, na mikono yake ilikuwa inamsaliti kwa wema.

Jambo moja liliwashangaza wote. Vita viliwajia vikiwa katikati, mpiganaji tayari amejeruhiwa, dawa zake nusu zimetumika.

"Hivi nani anavianza?" aliuliza kinyozi, aliyeketi meza ya pili. "Ni kama kuletewa kichwa kilichonyolewa nusu na fundi mwingine, na mteja ameshasinzia."

Wakacheka, isipokuwa mkufunzi. "Wewe malizia kichwa. Na hiyo ya kumrusha mpiganaji juu ukishinda, acha. Mtambo hauringi."

"Lakini mwalimu, si sisi ni wakaguzi wa mtambo? Mkaguzi wa nyama lazima awe ng'ombe?"

"Nani alikuambia wewe ni mkaguzi?"

Kinyozi alimkonyeza mshonaji. "Basi sisi ndio walimu wake. Mwanafunzi mwenyewe mtoro, hata sura hatujamwona."

Kulikuwa pia na taa nyekundu pembeni mwa skrini. Ikiwaka, ulitakiwa kunyanyua mikono papo hapo, hata kama adui amebakiza pigo moja afe. Sababu hawakuambiwa. Wawili walichelewa kunyanyua, wakaambiwa wachukue miavuli yao.

Mchana ukaja mtihani wa mwisho. Mshonaji alifumba macho, akaomba, akayafumbua. Ndipo akajua la kufanya: apigane kama anavyofua. Hufikirii nguo ni ya nani, hungoji asante. Unachukua shati linalofuata, kisha linalofuata.

Adui wa kwanza akaanguka, na wa pili. Mwenzake mmoja alianguka kando yake, akainua mkono kuomba dawa. Mshonaji akampita. Akasema kimoyomoyo, nisamehe, Bwana, na akaendelea. Taa nyekundu ikawaka. Akanyanyua mikono, adui akiwa bado anapumua.

Mkufunzi alikuja akasimama nyuma yake.

"Ulijifunzia wapi kupigana hivi?"

"Nyumbani."

Walifaulu watatu: yeye, kinyozi, na dereva mmoja mstaafu ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Mabwana wawili wenye suti waliingia, wakasimama ukutani. Mlango ukajifunga nyuma yao.

"Hawa ni mashahidi," mkufunzi alisema. "Hapa hatutii sahihi. Karatasi hupotea, ikaokotwa na asiyehusika. Tunaahidi kwa kinywa, mbele ya watu. Asiyetaka aseme sasa, nitamfungulia mlango, na hautafunguka kwake tena." Akamgeukia mshonaji. "Utaanza wewe, mama. Njoo nikuambie maneno."

Akamnong'oneza sikioni. Mshonaji alimtazama kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. Akatazama vitufe vya meza yake, ambavyo vilikuwa bado na joto la vidole vyake.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku. Na usiku kwa zamu."

"Na wao wanaamini?"

"Wewe uliamini."

Kinyozi aliacha kutabasamu. Mshonaji alitazama mlango, akafikiria anakorudi ukifunguliwa. Midomo yake ilicheza kidogo bila sauti, akiomba. Kisha akanyoosha mgongo, akainua mkono wa kulia.

"Naahidi," alisema, na sauti yake ikafika mpaka ukutani, "mbele ya Mungu na mashahidi hawa, kwamba sitamwambia mtu yeyote, hata mume wangu, kwamba hakuna mtambo. Ni sisi."