Uzi wa Aidah

Bruce alianguka chini pamoja na daftari lake. Hakuumia, lakini alianguka kwa kishindo na darasa zima likacheka.

"Ticha, huyu Aidah amenisukuma tena," alisema akijipangusa vumbi. "Hataki mutu akae hapa."

Mwalimu Spéciose aliweka chaki chini. Hasira ilimpanda, akaimeza. Watoto walikuwa wengi kuliko madawati katika shule ile ya Rwezamenyo, mtaa wa Kigali, na huyu msichana alikaa peke yake karibu na dirisha, mkono wake umelala juu ya nafasi iliyobaki.

"Kwani dawati hili ni la baba yako?"

"Hapana, Mwarimu," alijibu Aidah. Mkono haukuondoka. Bruce akaenda kubanana na wengine nyuma.

Ilikuwa Novemba 1994. Mauaji ya kimbari na vita vilikwisha Julai, rejesta za zamani zilikuwa zimeishia jikoni kuwashia moto, na watu walikuwa wakirudi kutoka kila upande wa mpaka. Wengi hawakuwahi hata kuiona Kigali. Wazazi wao ndio walioikimbia zamani. Spéciose mwenyewe alizaliwa Bujumbura na kusoma huko. Mwalimu wake alimketisha nyuma kabisa, akamwita mkimbizi mbele ya wenzake, wala hakuwahi kumuuliza kwao kukoje. Basi siku alipokabidhiwa darasa hili aliapa kwamba humu ndani hakuna mtoto atakayekuwa mgeni.

Na alifanya kazi kweli. Alitundika gunia la mchele ukutani, akachora ramani kwa makaa: Burundi, Uganda, Zaire, Tanzania, na Kigali katikati. Kila mtoto alipewa uzi ashone kutoka alikotoka hadi Kigali, kisha awafundishe wenzake salamu ya huko. Bruce alishona kutoka Kampala, na darasa likaamkiana kwa Kiganda wiki nzima. Shimwa alishona kutoka Karagwe, akawaimbisha mpaka watoto wa darasa la jirani wakaja kuchungulia. Ramani ilipendeza. Uzi wa Aidah, mwekundu, ulibaki mfukoni mwake.

Spéciose alijaribu kila njia. Kwa kuwa mtoto alipenda kusema Kiswahili, alidhani ni wa Bukavu, kule Zaire, akaenda kutafuta salamu za Bukavu kwa wafanyabiashara. Aidah akamkodolea macho. Akajaribu za Kigoma. Akaambulia patupu. Alimuuliza kwa upole, akamuuliza kwa ukali, akampa hata mandazi. "Ulitoka wapi, mwanangu?" Mtoto alikula mandazi, akageukia dirisha. Wema ukikataliwa unauma kuliko tusi. Spéciose alianza kumchukia kidogo, na akajichukia kwa hilo.

Tabia zake nazo ziliudhi. Aliingia darasani kama mwenye nyumba. Dirisha lilipogoma, aliligonga ngumi kwenye kona ya chini likafunguka, bila kuomba ruhusa. Wingu likitanda tu, aliburuta dawati lake pembeni kwa kelele, hata kabla tone la kwanza halijapenya paa. Kumwambia asubiri ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Silvère, mwalimu mkuu, alichoka mapema zaidi.

"Mwalimu, wewe iko unajisumbua bure," alisema. "Huyo mutoto ni wa Zaire. Aende kule shule ingine, kwa wenzake. Hapa nafasi iko kidogo."

"Nipe mpaka Ijumaa."

"Ijumaa, sawa. Asiposhona, Jumatatu anahama."

Spéciose hakulala vizuri wiki ile. Mtoto atatolewa darasani kwa sababu hajulikani kwao, kama alivyowekwa nyuma yeye zamani, ila safari hii mwenye chaki ni yeye. Ilimchoma.

Ijumaa Silvère alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma. Spéciose alimwita Aidah mbele, akampa sindano.

"Aidah, nimechoka. Nataka ubaki na sisi, lakini sharti tukujue. Kila mmoja hapa ametoka mahali, hata mimi. Shona, hata kama ni mbali. Hakuna atakayekucheka."

Aidah alitoa uzi wake mfukoni, akautunga kwenye sindano. Akalisogelea gunia. Kisha akadunga Kigali. Akaivuta sindano kwa nyuma, akairudisha papo hapo, Kigali tena, akafunga fundo.

Silvère aliguna mlangoni.

"Hapana, mwanangu," alisema Spéciose, karibu kulia kwa uchovu. "Hapo ndipo tulipofika. Mimi nauliza ulikotoka."

"Mimi sikutoka mahali, Mwarimu. Hii ni darasa yetu ya kabla ya vita."

Aligeuka akanyoosha kidole kwenye ile nafasi karibu na dirisha. "Pale iko kwa Akimana." Kidole kikasogea hadi alipobanana Bruce. "Pale iko kwa Jean-Luc. Pale Viateur. Pale Mukandekezi." Akaendelea hivyo dawati kwa dawati, bila kusita, na kila alipotaja jina, mtoto aliyekaa hapo aliinuka, mpaka darasa zima likawa limesimama.