Kiganja Chini ya Ngozi

Kidawa, fundi wa makochi pale Mayfair, aling'oa ngozi kuukuu kwenye mlango wa gari la farasi. Mteja wake, bibi wa Kizungu, alikuwa bado anajisifia: babu wa babake, Mskoti, aliliunda gari hilo Kalkuta kwa mikono yake mwenyewe.

Chini ya ngozi, alama ya kiganja ilikuwa imekaukia kwenye vanishi. Vidole sita.

“Mama, babu yenu alikuwa na vidole sita?”

“Wapi! Picha yake ninayo. Vitano.”

“Basi huyu nani?”

Bibi aliinama, akatazama. Akaanza kusugua kovu dogo kando ya kidole chake cha mwisho.

“Mimi nilizaliwa na sita,” alisema polepole. “Walikikata.”

Kidawa akaishika ngozi mpya.

“Usiipigilie,” bibi alisema. “Iache alama ionekane.”