Unga wa Mara ya Pili

Kama kila asubuhi, Deodata alizungusha hendeli mpaka injini ya mashine yake ya kusaga ikakohoa na kuwaka. Mama mkwe wake, mteja pekee aliyebaki pale kijijini Runazi, alikuwa ameshafika na beseni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Saga laini, mwanangu. Ugali wa juzi ulinitafuna mimi."

Deodata alifunua kitambaa, akaingiza mkono kuchota makopa ya muhogo. Mkono ukazama. Ndani mlikuwa na unga, laini na baridi, ukajaa katika mistari ya kiganja chake.

"Mama, huu umeshasagwa. Niliusaga mwenyewe jana."

Mama mkwe alitazama barabarani. Watu walipita na ndoo zao bila kugeuka. Walikuwa wakienda kwenye mashine mpya ya umeme, ambayo mwekezaji aliisimika kwa ruzuku ya serikali. Kule vijana wanane walikuwa wamepata ajira, na bei ilikuwa nusu ya bei ya Deodata, aliyelazimika kununua dizeli.

"Makopa yameniishia," mama mkwe alisema taratibu. "Lakini mashine yako ikinyamaza, watasema umefunga. Usage tena huo huo. Waisikie."

Injini ilitetemesha mabati ya kibanda. Deodata alisimama na mkono wake mweupe hewani, akiusogeza kwenye beseni, akiurudisha. Kulikuwa na neno alilomficha mama mkwe wiki nzima.

Akazima injini.

"Mama, kesho usijisumbue kuja. Nimeomba kazi kule kwenye mashine ya umeme."